Nanasi la Kailo Ndani ya Wiski

Papai lilikuwa kosa. Kankolongo alijua hivyo tangu alipoliponda ndani ya bilauri, lakini aliendelea, kwa sababu barmani anayeacha kinywaji katikati afadhali akauze soda. Akamimina wiski, akatia sukari na barafu, akakoroga, akanusa. Kilinuka kama chumba cha mgonjwa kilichosafishwa na mtu mwenye haraka. Akamsogezea Tshibangu.

Tshibangu, mkuu wa treni na rafiki yake wa tangu Kananga, alikunywa chote akafuta mdomo.

"Iko muzuri," alisema.

Alikuwa amesema hivyo hivyo juu ya ndizi, iliyogeuka uji. Alikuwa amesema hivyo juu ya mapera, yaliyojaza mbegu kwenye meno, na juu ya marakuja, yaani pasheni, yaliyoifukuza wiski yote ukabaki uchachu mtupu. Kama rafiki, Tshibangu hakuwa na kasoro. Kama shahidi, hakufaa kitu.

Kazi yenyewe ilikuwa hii. Mjumbe wa Chama alikuwa anakuja kutoka Kinshasa kuhutubia watu wa Kindu, na baada ya hotuba angekaribishwa Cercle, klabu ya watu wa reli, ambako Kankolongo alikuwa barmani. Miaka ile Chama kilikuwa kimoja, na kila mtu alikuwa mwanachama, awe amejiandikisha au hapana. Ilijulikana kwamba Mjumbe ana kinywaji chake alichokizoea katika safari za ng'ambo: wiski ya Amerika, ile ya mahindi inayoitwa burboni, pamoja na sukari, matone machungu na ganda la chungwa. Ni kinywaji cha zamani, hakina makuu. Kankolongo alikijua vizuri. Alifundishwa na Bwana Bruno, Mbelgiji aliyesimama nyuma ya kaunta ile kabla yake, enzi ambapo yeye Kankolongo bado aliitwa Gérard na hakuna aliyeona ubaya.

Lakini Kabasele, meneja wa Cercle, alikuwa amefikiri. Kabasele alikuwa mtu ambaye abakosti yake, koti la Chama lisilovaliwa na tai, ilimbana shingo mpaka macho yakatoka kidogo, na kila alipofikiri, kazi iliangukia wengine.

"Hatuwezi kumupatia mukubwa kintu ya wazungu tupu," alisema. "Tuko mu authenticité. Tunarudia mambo ya babu zetu. Utafanya ile ile kinywaji yake, lakini uingize tunda ya hapa. Asikie inchi yake ndani."

"Tunda gani, citoyen?" aliuliza Kankolongo, maana kuitana "bwana" kulikuwa kumekatazwa.

"Ya hapa."

"Ya hapa iko mingi."

"Njo maana wewe ni barman," alisema Kabasele, akaenda zake.

Chupa ya burboni ilikuwa moja tu. Iliachwa na mhandisi mmoja wa migodi aliyepita akienda Pangi, na hakuna aliyejua alikoishia. Kwa sababu hiyo Kankolongo alijaribu kidogo kidogo, ingawa Tshibangu hakuwa mtu wa kuonja kidogo kidogo. Matone machungu ya Ulaya yalikwisha zamani. Ya sasa alikuwa akiyatengeneza mwenyewe: maganda makavu ya machungwa na kipande cha gome la mti wa kinini kutoka Kivu, vyote vikilowekwa ndani ya pombe kali mpaka ikageuka rangi. Hata hayo maganda yalikuwa yanakwisha. Aliyekuwa akiyaanika juu ya bati la nyumba ni Adèle, mke wake, na Adèle hakuwapo tena nyumbani.

Jina Adèle lilikuwa limepigwa marufuku pamoja na mengine yote ya kizungu, na barabarani mwanamke huyo aliitwa citoyenne Misenga. Ndani ya nyumba serikali haikuwa na macho. Kankolongo aliendelea kumwita Adèle, na siku hizi alimwita hivyo kimoyomoyo, maana hapakuwa na mtu wa kuitika.

Kosa lake lilikuwa la mkono, si la moyo. Siku ile alikuwa amesimama mlangoni pa Cercle baada ya kazi, bilauri ya bia mkononi, akitazama treni ikiingia kutoka Kongolo. Mara Mama Tshiela, mama yake Adèle, akapita barabarani na kikapu chake. Sasa, kwa watu wa Kasai, kama hawa wawili, mume na mama mkwe wake hawaonani. Wanaonana, bila shaka, mji ni mdogo. Ila mmoja humpisha mwenzake na kutazama pembeni, neno likiwapo hupitia kwa mtu wa tatu, na kula au kunywa mbele ya macho ya mwenzako ni aibu ambayo hata anayeisimulia hushusha sauti. Mkwe mwenye akili angeingia ndani mbio. Au angeficha bilauri nyuma ya mgongo. Au angeiacha ianguke ivunjike, halafu aseme pole. Lakini Kankolongo alikuwa barmani kwa miaka mingi, na mtu akipita akamtazama, mkono wake huinuka wenyewe. Uliinuka. Alimwinulia mama mkwe wake bilauri, akasema "Santé!", akanywa.

Adèle aliondoka kabla giza halijaingia. Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililomtisha Kankolongo.

"Umemuinulia mama yangu kilauri," alisema tu, "kama mulevi mwenzako."

Tshibangu alitumwa na mbuzi kuomba msamaha. Mbuzi alikwenda, mbuzi akarudi, amenenepa kidogo. Mama Tshiela hakukataa wala hakukubali, alisema anatazama. Ila Kankolongo akifanya vile mara ya pili, asihangaike kutuma mbuzi wala ng'ombe: vitu vyote vya mahari vitarudi kwake, na Adèle ataolewa na mwingine. Tayari alikuwapo karani mmoja wa posta aliyeanza kupitapita pale na salamu ndefu.

Kankolongo alimkosa mke wake. Tuliseme wazi, maana yeye mwenyewe hakumwambia mtu. Alipika bugali ukawa na madonge, akaula amesimama, kwa sababu kukaa mezani peke yake kulimchoma. Usiku aliendelea kulala upande wake wa kitanda, akimwachia nafasi mtu ambaye alikuwa amelala kwa mama yake, mitaa mitatu kutoka pale.

Nanasi lilitokana na uzembe. Lilikuwa nanasi la Kailo, dogo, jekundu kwa chini, ambalo wanawake huliuza kando ya reli. Kankolongo alikata vipande, akavipaka sukari, akaviweka juu ya mbabula, jiko la makaa, avipashe moto tu. Hapo Kabasele akaja kubishana juu ya vitambaa vya meza. Kabasele hakubishana kwa ufupi. Alipoondoka, sukari ilikuwa imeungua kahawia, maji ya nanasi yamekuwa mazito, na vipande vimeshika weusi pembeni.

Kankolongo alikaribia kuvitupa. Akavinusa kwanza. Akaweka kipande kimoja chini ya bilauri, akakidondoshea matone machungu, akakiponda taratibu, asikisage. Akamimina burboni. Akatia donge moja la barafu, kubwa, lisiyeyuke haraka, akakoroga kwa kijiko kirefu huku mgongo wa kijiko ukiambaa na kioo bila kugonga. Mwisho akakunja ganda la chungwa juu yake, mafuta yake yakaruka yakatua juu ya wiski. Akaonja.

Alifumba macho. Wiski ilikuwa imepita motoni ndani ya pipa lake huko Amerika, nanasi limepita motoni kwenye mbabula ya Kindu, na vilipokutana vikajuana. Utamu ulikuja kwanza, halafu moshi, halafu ule uchungu wa kinini uliosafisha ulimi na kuufanya utake tena.

Akamsogezea Tshibangu. Tshibangu alikunywa. Safari hii hakusema iko muzuri. Alinyoosha tu bilauri tupu mbele, na Kankolongo akajua kwamba amepata.

Kabasele alipoonja alikubali kwa kichwa, akaongeza jambo akiwa mlangoni. "Halafu, Mujumbe iko na kawaida yake. Muntu mwenye kuchanganya njo anakunywa kwanza, mbele yake. Anataka kuona koo inapanda na inashuka."

Kankolongo hakuona ajabu. Hata nyumbani, anayekukaribisha pombe hupiga funda la kwanza ili ujue hana ubaya na wewe. Akajibu sawa.

Siku yenyewe, saa sita mchana, Tshibangu alikuja Cercle akitazama viatu vyake.

"Présidente ya bamama ya Chama iko mugonjwa kule Pangi," alisema. "Bameweka mwingine ku nafasi yake. Njo atakaa mbele, akaribishe Mujumbe."

"Nani?"

Tshibangu aliendelea kutazama viatu. Vilikuwa viatu vya kawaida.

"Hapana," alisema Kankolongo.

"Njo yeye. Mama Tshiela."

Kankolongo alikwenda kwa Kabasele akamwambia ameshikwa na malaria. Kabasele alimwambia malaria itaanza kesho. Kankolongo akasema basi Tshibangu achanganye, au Tshibangu anywe mahali pake, naye Tshibangu akasema yuko tayari kwa hilo hata mara nyingi. Kabasele akajibu kwamba Mjumbe ataka koo la aliyechanganya, si koo la mkuu wa treni, na kwamba barmani akikataa kunywa alichokipika, wakubwa wana jina moja tu la jambo hilo, nalo ni sumu. Kankolongo alirudi nyuma ya kaunta, akapima hali yake. Akianguka upande huu, gereza. Akianguka upande ule, Adèle anakwenda kwa karani wa posta. Gereza halikumtisha sana. Gerezani angalau wanakupikia.

Saa kumi Cercle ilijaa. Mbele kabisa, wakielekea kaunta, walikaa akina mama katika vitenge vya Chama, na katikati yao Mama Tshiela, mnyoofu, mikono juu ya magoti, macho yameelekezwa dirishani. Kankolongo aliinama nyuma ya kaunta kana kwamba kuna kitu kimemwangukia. Alikitafuta muda wote wa hotuba. Hotuba ilikuwa ndefu, na Mjumbe, mtu mnene mwenye sauti nzuri aliyejifunza Kiswahili alipofanya kazi Bukavu, alieleza kwamba nchi iliyoacha desturi za mababu ni mti uliong'olewa, kwamba aibu na heshima za wazee zirudi nyumbani mwa kila mtu, na kwamba asiyezifuata ni mtumwa wa wazungu. Watu walipiga makofi. Kankolongo alipiga makofi akiwa chini.

Kisha Mjumbe akakaa mezani, karibu na kaunta, na Kabasele akaita, na Kankolongo akalazimika kusimama. Alichanganya akitazama mikono yake tu. Ilikuwa imefanya kazi hiyo muda mrefu kiasi kwamba haikumhitaji. Alipeleka bilauri kwenye sinia, akaiweka mezani.

Mjumbe alinusa. "Ni nini ndani?"

"Wiski yako, citoyen Mujumbe. Sukari. Nanasi ya Kailo, yenye kuchomwa. Na dawa ya uchungu, nilitengeneza mimi."

Neno dawa halikuwa chaguo zuri. Askari wawili nyuma ya Mjumbe wakajivuta mbele.

"Kunywa," alisema Mjumbe.

Kankolongo hakugusa bilauri. "Siwezi, citoyen."

Kabasele alianza kutoka jasho, na kwa kuwa kola haikuwa na nafasi, jasho lilibaki pale pale.

"Huwezi kwa sababu gani?"

Kumwonyesha kidole mama mkwe mbele ya watu lilikuwa kosa lingine. Kankolongo alitafuta maneno. "Kuko mukubwa yangu mu nyumba hii," alisema. "Siwezi kukunywa mbele ya macho yake."

Mjumbe akacheka, uso ukalegea. Alipenda heshima. "Basi, mimi mukubwa yako, nakupatia ruhusa. Kunywa."

"Si wewe, citoyen."

Hakuna mtu wa Kindu aliyewahi kusikia maneno hayo yakisemwa mbele ya mjumbe wa Chama. Mtu mmoja wa nyuma alikohoa, akajuta. Mjumbe aliacha kucheka kidogo kidogo, akamtazama Kabasele, na Kabasele, ambaye sauti ilikuwa imemkimbia, aliinama akamnong'oneza sikioni: Wakasai, mama mkwe, desturi.

Mjumbe aliitazama bilauri. Alikuwa ametoka sasa hivi kuhutubia juu ya desturi, na makofi bado yalikuwa yanamwasha masikioni.

Ndipo kiti kikaburuzwa. Viti vya Cercle vilikuwa vya chuma, na kelele yake ilikwenda mpaka stesheni. Mama Tshiela alikuwa amesimama, ameshika kiti chake, anakigeuza. Alikielekeza mlangoni, akakaa tena, mgongo kwa kaunta, mikono juu ya magoti.

Jacqueline, katibu wa akina mama, aliyekaa kando yake, alidhani ni itifaki mpya kutoka Kinshasa ambayo yeye hakuambiwa. Akageuza kiti chake upesi. Akina mama wote wakageuza. Machifu, wafanyakazi wa reli na walimu waliona mstari wa mbele umegeuka, na katika miaka ile mtu hakungoja kuuliza kwa nini mstari wa mbele umegeuka. Viti vya chuma vikalia ukumbi mzima. Askari mmoja naye aligeuka. Mwishoni walibaki watu watatu tu wanaotazamana: Mjumbe, askari wa pili, na Kankolongo.

Kankolongo alichukua bilauri, akanywa. Koo lilipanda, likashuka. Kilikuwa kinywaji bora kuliko vyote alivyowahi kutengeneza, na hakukisikia ladha hata kidogo.

Mjumbe alingoja. Sumu nyingine huchelewa. Watu wote walikaa wakitazama mlango, na mlangoni hapakuwa na kitu. Kankolongo alisimama, hakufa. Hatimaye Mjumbe akavuta bilauri, akanywa, akaitazama, akanywa tena.

"Hii njo authenticité," alisema, kwa uso wa mtu aliyetafuna pilipili akiwa ugenini. Kisha uso wake ukabadilika kweli, kwa sababu nanasi lilikuwa limefika. "Ni tamu! Geukeni. Mupatie na bamama. Aanze huyu mama présidente."

Viti vikalia tena. Na Kankolongo akaona shida nyingine imekuja kukaa pale ile ya kwanza ilipoondoka, maana desturi hiyo hukata pande zote mbili: mama mkwe naye hanywi mbele ya macho ya mkwe wake.

Alichanganya. Alichagua kipande cha nanasi kilichoungua vizuri kuliko vyote, akakunja ganda la chungwa, akadondosha matone machungu ya mwisho, yale ya maganda yaliyoanikwa na Adèle. Akampa Jacqueline apeleke. Halafu akageuka yeye, akaupa ukumbi mgongo, uso kwenye ukuta wa chupa.

"Ngoja, mama!" sauti ya Mjumbe ilisema nyuma yake. "Barman hajaonja hii. Aonje kwanza."

Kankolongo alifumba macho. Safari hii viti havitageuzwa tena. Watu wamechoka, na Mama Tshiela hana sababu ya kumwokoa mara mbili jioni moja. Akaanza kugeuka.

"Katibu," alisema Mama Tshiela. Sauti yake ilikuwa tulivu, ya kusikika na wote. "Umuambie citoyen Mujumbe, kwangu hapana lazima. Huyu mwenye kufanya ni mutoto yangu."

Jacqueline aliyarudia maneno hayo, ingawa Mjumbe alikuwa ameyasikia. Halafu Kankolongo akasikia barafu ikigonga kioo, kimya, barafu tena. Kwa muda mrefu. Mama Tshiela alikuwa anakunywa chote.

Bilauri ikawekwa chini.

"Katibu. Umuambie yule wa ku ukuta, muke yake atakuya Jumapili, misa ikiisha. Asiwe ku kazi."

"Barman," alianza Jacqueline, "mama anasema..."

"Umuambie nimesikia," alisema Kankolongo, akiuambia ukuta.

Alikuwa analia, na hakuona aibu, maana chupa tu ndizo zilizokuwa zinamtazama. Nyuma yake Mjumbe aliuliza kwa nini barmani hageuki, watu wana kiu, na Kabasele akamjibu kwamba hawezi, mama mkwe bado yuko. Basi Tshibangu akapita nyuma ya kaunta, akavua koti lake la reli, akaanza kuchanganya yeye. Alichanganya vibaya, kwa pombe yoyote aliyoishika, bila nanasi, na kila mtu aliyepewa alisema iko muzuri.